Mwalimu wa Kiingereza Ugenini Kwanza Awe Mwanafunzi

Hapana shaka kwamba idadi ya walimu wanaohitimu humu nchini inazidi kwa mbali nafasi za kazi zilizopo. Ndiyo maana vijana wengi wenye shahada za ualimu wameanza kuyaelekeza macho yao Mashariki ya Mbali na katika nchi za Ghuba, kunakotafutwa walimu wa Kiingereza. Baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani hunijia wakitaka barua za mapendekezo. Karibu wote huuliza maswali yale yale: je, baridi ya huko inavumilika? Chakula kinalika? Mshahara unatosha? Ni nadra sana kwa mmoja wao kuniuliza atajifunza nini huko aendako. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza, na anayelipuuza atapata taabu ambayo blanketi zito haliwezi kuiondoa.

Tuchukue mfano wa Japani. Mwaka wa 1987 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango uitwao JET, ikawaalika vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa mataifa mengine mengi, yakiwemo Jamaica, Afrika Kusini, Singapore na Ufilipino. Wengi wa vijana hao huwa walimu wasaidizi, wanaofunza Kiingereza bega kwa bega na mwalimu Mjapani. Si lazima wawe wamesomea ualimu. Shahada ya taaluma yoyote inatosha. Kwa hivyo mgeni huyu huingia darasani akiwa mchanga mara mbili: mchanga katika kazi, na mchanga katika nchi.

Mambo ya nje huyazoea upesi. Atajifunza kuvua viatu mlangoni mwa shule na kuvaa vingine vya ndani. Ataona wanafunzi wakifagia madarasa na kupangusa sakafu wenyewe. Atazoea kuanza mwaka wa masomo mwezi wa Aprili na kuitwa “sensei”, jina la heshima apewalo mwalimu. Kinachomchoma ni jambo jingine: mtu aliyesoma miaka kumi na sita au zaidi anajikuta hajui kusoma. Hawezi kutambua kama kopo aliloshika dukani lina chumvi au sukari. Fomu ya benki inamshinda. Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa katika sentensi moja, na orodha rasmi ya herufi za asili ya Kichina zinazotumika kila siku, iliyorekebishwa mwaka wa 2010, ina herufi 2,136. Mtoto wa darasa la pili anamshinda mwalimu wake kusoma bango la barabarani.

Hapo ndipo njia mbili hutokea. Mwalimu mmoja atajifungia katika Kiingereza chake kama konokono gombani, atafute wageni wenzake, na kuwalaumu wanafunzi kwa unyamavu na matamshi yao. Mwingine atakubali kuwa mwanafunzi. Naamini ni huyu wa pili peke yake atakayefundisha chochote.

Nasema hivi kwa sababu za kiisimu, si za adabu tu. Mwanafunzi wa Kijapani anapolitamka neno la Kiingereza na kuliongezea irabu, mwalimu asiyeijua lugha yake humwona mvivu. Ukweli ni kwamba silabi za Kijapani huishia kwa irabu, isipokuwa chache zinazoishia kwa sauti ya n na zile zinazofuatwa na konsonanti maradufu. Wajapani wamechukua maneno ya Kiingereza wakayavika nguo za kwao: gari la abiria ni “basu”, meza ya kuandikia ni “desuku”, na kiti kirefu ni “benchi”. Msomaji ameshatabasamu, maana sisi tunasema basi, deski na benchi. Kiswahili nacho hupenda silabi wazi. Mwalimu kutoka Mombasa au Nakuru ana ufunguo ambao mwenzake kutoka London hana, ila lazima akumbuke kwamba anao.

Hali kadhalika sauti za l na r. Kijapani hakizitofautishi, na mwanafunzi hujikwaa zinapokutana. Sisi tunalijua tatizo hilo kutoka nyumbani, kwani wapo wazungumzaji wa Kikuyu na wa lugha nyingine zetu wanaozibadilishana sauti hizo, nasi huwacheka badala ya kuwaeleza. Kicheko hicho hakijawahi kumfunza mtu kutamka.

Na si kicheko tu. Wengi wa rika langu na walionitangulia wanakikumbuka kile kibao alichoning’inizwa shingoni mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama shuleni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Wachache wanajua kwamba katika visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani, watoto waliozungumza lugha za kwao walivishwa kibao cha namna ile ile kilichoitwa “hogen fuda”, ili waache lugha zao na kushika Kijapani sanifu. Bahari kubwa ilitutenganisha, lakini aibu ilikuwa moja. Mkenya anayekwenda kufundisha huko asikifungashe kibao hicho katika sanduku lake. Asimkataze mwanafunzi kuuliza maana kwa lugha yake, wala asiutafsiri ukimya wake kuwa ujinga. Mara nyingi mwanafunzi anayenyamaza anaogopa kukosea mbele ya wenzake, na kumkemea ni kuthibitisha hofu yake.

Kuna jaraha jingine ambalo mgeni huyu hana budi kujiandaa nalo. Zipo nchi zinazopima Kiingereza kwa pasipoti. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida hutoa viza ya mwalimu wa lugha kwa raia wa mataifa saba yanayohesabiwa kuwa ya wazawa wa Kiingereza. Katika Afrika ni Afrika Kusini pekee. Imani kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha ina historia inayotugusa. Mwaka wa 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1992, aliichambua taarifa ya mkutano huo na kuonyesha jinsi imani hiyo, pamoja na ile ya kwamba Kiingereza kifunzwe kwa Kiingereza tu, zilivyokosa msingi wa kitaalamu. Yaani fimbo inayomchapa Mkenya huko mbali ilichongwa kwa sehemu hapa hapa Afrika Mashariki.

Ajibu vipi? Asiigize lafudhi ya watu wengine. Uigizaji huo hauchelewi kugunduliwa. Silaha yake ni kwamba alijifunza Kiingereza, hakuzaliwa nacho. Anaijua njia kwa kuwa aliipita kwa miguu. Mzawa aliyejikuta ameshafika hawezi daima kumwelekeza anayepotea.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi sidai mtu avunje jicho. Namtaka alifungue zaidi. Kabla ya kupanda ndege, ajifunze zile herufi 46 za msingi za hiragana, ambazo kwa bidii humalizwa katika wiki chache. Afikapo, amwombe mwalimu mwenyeji amsahihishe mbele ya darasa. Wanafunzi watakapomwona sensei akikosea, akicheka na kujaribu tena, watakuwa wamepata somo kubwa kuliko sarufi ya wiki nzima.

Nanyi walimu msiotarajia kuvuka mpaka, jambo hili linawahusu pia. Mwalimu wa Kisii anayepelekwa Wajir, au wa Nyeri anayepelekwa Turkana, ni mgeni vile vile. Je, tangu uripoti kazini, umejifunza maneno mangapi ya lugha ya wanafunzi wako?