Ruzuku Huanzia Daftarini

Ruzuku ni fedha ambazo mtu au taasisi hupewa kwa kazi iliyotajwa bila kutakiwa kuzirudisha, ilimradi zitumike kwa kazi hiyo na hesabu ya matumizi yake itolewe. Kwa sharti la kutorudishwa, ruzuku hutofautiana na mkopo, na kwa sharti la kutolewa hesabu hutofautiana na zawadi. Tuzo ni jambo jingine, kwani ruzuku hutolewa kwa kazi inayokusudiwa, ilhali tuzo hutolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika na kuonekana. Shule nyingi huchanganya mambo haya mawili, zikaandika maombi ya ruzuku kwa lugha ya kujisifu na maombi ya tuzo kwa lugha ya kulia shida, na kwa sababu hiyo zikakosa yote mawili.

Ruzuku ya kwanza ambayo kila shule ya serikali nchini Tanzania inapaswa kuifahamu haiombwi, bali hutolewa kwa kuhesabu vichwa. Ruzuku hiyo, inayoitwa ruzuku ya uendeshaji, ilipata nguvu wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, uliotekelezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2006, ambapo kila mwanafunzi wa shule ya msingi alikadiriwa dola 10 za Marekani kwa mwaka. Mpango wa elimumsingi bila malipo ulipoanza Januari 2016, kiwango kilichotumika kwa shule za msingi kilikuwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambazo kati yake Sh 6,000 zilipelekwa shuleni na Sh 4,000 zikabaki kwa ajili ya ununuzi wa vitabu. Kwa kiwango hicho, shule yenye wanafunzi 750 hupata Sh 4,500,000 kwa mwaka, sawa na Sh 375,000 kwa mwezi, kiasi kinachoweza kununua chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango, lakini kisichoweza kujenga hata chumba kimoja cha darasa. Hapo ndipo haja ya kutafuta fedha nyingine inapoanzia.

Mlango wa pili wa fedha umo nchini humohumo. Mamlaka ya Elimu Tanzania, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha TEA, iliundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu Na. 8 ya mwaka 2001, na kazi yake kuu ni kusimamia Mfuko wa Elimu, ambao hukusanya michango ya serikali, kampuni na watu binafsi na kuielekeza katika miradi ya madarasa, maabara, mabweni, vyoo na nyumba za walimu. Upo pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge na husaidia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe. Nchini Kenya mfuko wa aina hiyo ulitangulia, kwa kuwa sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 2003, na madarasa mengi ya vijijini pamoja na basari za wanafunzi wa sekondari hutokana nao. Mifuko hii ya majimbo hupendelea kumalizia kazi iliyoanzwa, na ndiyo maana boma lililofika usawa wa linta kwa nguvu za wananchi huwa na hoja nzito kuliko kiwanja kitupu chenye barua ndefu.

Mlango wa tatu ni balozi na mashirika ya kigeni. Mfano unaojulikana ni mpango wa serikali ya Japani wa kusaidia miradi midogo ya wananchi wa ngazi ya chini, ambao huendeshwa kupitia balozi zake na ambao kwa muda mrefu kikomo chake cha kawaida kilikuwa yeni milioni 10 kwa mradi mmoja. Masharti yake yanafundisha mengi kuhusu fikra za wafadhili kwa jumla, kwa kuwa mpango huo hulipia majengo na vifaa lakini haulipi mishahara wala gharama za kila siku, tena hutaka makadirio ya bei kutoka kwa wazabuni zaidi ya mmoja ili bei ya soko ijulikane. Kwa maneno mengine, mfadhili hutoa jengo na kumwachia mwombaji jukumu la kulitunza, na mwombaji asiyeweza kueleza atakavyolitunza hukataliwa hata kama shida yake ni ya kweli.

Ombi la ruzuku huwasilishwa kwa maandishi yanayoitwa andiko la mradi, nayo hujibu maswali yasiyozidi sita: tatizo ni lipi, linamwathiri nani, litatatuliwa vipi, kwa gharama gani, kwa muda gani, na nani atasimamia matokeo baada ya fedha kwisha. Nguvu ya andiko hutokana na vipimo vyake kuliko ufasaha wa maneno. Ichukuliwe shule ya mfano yenye wasichana 400 na matundu manane ya vyoo. Sentensi isemayo kwamba shule inakabiliwa na upungufu mkubwa wa vyoo haimwelezi msomaji chochote, kwa kuwa shule zote zinazoomba husema hivyo. Sentensi isemayo kwamba wasichana 50 hutumia tundu moja, ilhali kiwango kinachotakiwa nchini ni tundu moja kwa wasichana 20, na kwamba kwa hiyo pengo ni matundu 12, humwezesha mfadhili kulinganisha, kupiga hesabu na kuamua. Andiko likiongeza kwamba wazazi wamekwisha kuchimba shimo na kusomba mchanga na mawe, kwamba mhandisi wa halmashauri amechora ramani na kukadiria gharama, na kwamba maji ya kunawia yatatoka kwenye tangi la kuvunia maji ya mvua, ombi hugeuka kuwa mpango unaosubiri sehemu moja tu ikamilike.

Takwimu hizo haziwezi kutungwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kupokea maombi. Hutoka katika rejista ya mahudhurio, daftari la mali za shule, mihtasari ya vikao vya kamati ya shule na taarifa za mapato na matumizi zinazobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mfadhili akitaka kujua kama shule inaaminika, huuliza kwanza ruzuku ya uendeshaji ya mwaka uliopita ilitumikaje, kwa sababu shule iliyoshindwa kuonyesha stakabadhi za Sh 375,000 za mwezi mmoja haina sababu ya kukabidhiwa milioni 30. Wahenga waliposema mficha uchi hazai hawakuwa wakizungumzia fedha za shule, lakini neno lao linafaa hapa, kwa kuwa mwalimu mkuu anayeficha udhaifu wa shule yake ili ionekane nzuri mbele ya wakaguzi hujinyima ushahidi anaouhitaji mbele ya wafadhili.

Upande wa tuzo, mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni wa Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, aliyetunukiwa jijini Dubai mwezi Machi 2019 tuzo ya mwalimu bora duniani ya Varkey Foundation yenye thamani ya dola milioni 1 za Marekani. Alichaguliwa miongoni mwa majina yapatayo 10,000 kutoka nchi 179, ingawa shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Waamuzi hawakuvutwa na umaskini huo wenyewe bali na matokeo yaliyopatikana ndani yake, yaani klabu ya wanafunzi wa sayansi iliyofika mashindano ya kitaifa, idadi ya wanafunzi wanaoingia vyuoni iliyopanda, na asilimia 80 ya mshahara wake aliyokuwa akiitoa kwa wahitaji. Chanda chema huvikwa pete, lakini sharti kwanza kionekane. Zaidi ya hayo, fedha za tuzo hiyo ziliwekewa utaratibu wa kulipwa kwa mafungu katika miaka 10, na mshindi alitakiwa abaki katika ualimu kwa angalau miaka mitano, ili tuzo isije ikawa nauli ya kuihama kazi iliyoileta.

Tuzo nyingine haziombwi na mwalimu mwenyewe. Tuzo ya UNESCO na Hamdan, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya kazi zinazoboresha ualimu, hugawa dola 300,000 kwa washindi watatu, na majina hupendekezwa na serikali za nchi au na mashirika yenye ushirikiano rasmi na UNESCO. Kwa tuzo za namna hiyo, chuo cha ualimu au kikundi cha walimu kinachofanya kazi nzuri hakina budi kuifikisha taarifa yake kwa afisa elimu na kwa Tume ya Taifa ya UNESCO, kwa kuwa kazi isiyoandikwa haiwezi kupendekezwa na mtu ambaye hajaiona.

Tahadhari moja inahitaji kusisitizwa. Mfadhili wa kweli hamtozi mwombaji ada ya kujaza fomu, hadai asilimia ya fedha kabla hazijatoka, wala haombi namba ya siri ya akaunti, na ujumbe wowote wa simu unaotangaza ruzuku ambayo shule haikuiomba unapaswa kuchukuliwa kuwa utapeli mpaka ofisi ya halmashauri ithibitishe vinginevyo.

Shule inayotaka kuanza haihitaji mtaalamu wa kuandika maandiko kwa malipo. Inahitaji kikao kimoja cha kamati ya shule chenye ajenda tatu: kuhesabu kilichopo, kukilinganisha na kinachotakiwa, na kuamua pengo moja tu la kuanza nalo. Muhtasari wa kikao hicho, ukiwa na tarehe, mahudhurio na sahihi, ndio ukurasa wa kwanza wa kila ombi litakalofuata.