Mbwa wa Wainuit na sleji isiyo na msumari

Kwetu pwani mbwa hana heshima kubwa. Akikupata na mate yake, sisi wafuasi wa Imamu Shafi twaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyo hiyo imemruhusu mbwa wa kuwindia, na huyo ndiye nimtakaye leo.

Kaskazini ya Kanada, katika jimbo la Nunavut lililoundwa tarehe 1 Aprili 1999, wanaishi Wainuit. Zamani tukiwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Watalii wengi huenda huko Aprili na Mei, mchana ukiwa mrefu na bahari ingali imeganda, wakapande sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kiburutwacho na mbwa juu ya barafu.

Chombo chenyewe kinanistaajabisha. Mbao mbili ndefu zimelazwa sambamba, na juu yake vipande vya mti vimekingamishwa na kufungwa kwa kamba, zamani za ngozi ya sili. Hakuna msumari. Kikipanda na kushuka juu ya barafu iliyovurugika, viungo vyacheza wala havivunjiki. Mzee wa Kibajuni ataelewa mara moja, maana mtepe nao ulishonwa kwa kamba. Mbwa nao, kila mmoja ana kamba yake, hutawanyika mbele kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, uzito usikae mahali pamoja.

Basi msafiri na ayajue haya kabla hajalipa nauli. Katika miaka ya 1950 na 1960 Wainuit walihamia vijijini kwenye shule na zahanati, wengine kwa kushurutishwa, na mbwa wao wakaja nao. Mbwa aliyeonekana akizurura aliweza kupigwa risasi, na wengi walipigwa. Mwindaji asiye na mbwa angefikaje kwenye tundu ambalo sili hutokea kuvuta pumzi? Watoto wale nini? Polisi, katika ripoti yao ya 2006, walisema waliua kwa sababu ya maradhi na usalama. Wazee walisema vingine. Tume ya Qikiqtani, iliyoundwa na Wainuit wenyewe, iliwasikiliza na kutoa ripoti yake 2010. Agosti 2019 serikali ya Kanada ikaomba radhi mjini Iqaluit.

Kwa hiyo mimi ningemshauri mgeni apande sleji ya Muinuit mwenyewe, pesa ziingie nyumba iliyonyang'anywa, na jioni aulize habari za mbwa wa babu zao.

Mwislamu naye asiogope. Iqaluit pana msikiti tangu Februari 2016. Na mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna najisi. Tatizo ni theluji ikiyeyuka manyoyani, kwa hivyo nguo za kuswalia zifungwe mfukoni mbali na sleji.