Kusokota, Kupota na Kusuka

Sisi tukaao mpakani, Busia na Tororo, tuna desturi ya kulitwisha neno moja la Kiswahili kazi za maneno manne au matano. Neno lenyewe ni kusuka. Kamba twaisuka, uzi twausuka, kitambaa twakisuka, hata tumbo likiuma tutasikia mtu asema lamsuka. Sababu yake si uvivu. Katika Luganda, lugha isikikayo sana upande wa Tororo, mkeka, nywele na kitambaa vyote huchukua kitenzi kimoja, kuluka. Basi aliyezoea hivyo, akija katika Kiswahili, hutafuta ndugu yake kuluka, akampata kusuka, akaridhika. Lakini Kiswahili kilikulia pwani, kwa watu waliofanya kazi ya makumbi ya nazi na majani ya ukindu, nao walizipa kazi za mikono majina mbalimbali.

Tuanze na kusokota, kwa maana ndilo lisahauliwalo. Chukua nyuzi mbili za katani. Zungushe kila mmoja peke yake upande wa kulia, mpaka ukaze. Kisha ziweke pamoja, uzizungushe zote mbili upande wa kushoto. Sasa kila uzi wataka kujifungua, lakini kila ujaribupo kujifungua wazidi kuzikaza zote mbili. Huko ndiko kusokota, na hiyo ndiyo siri ya kamba. Anunuaye sokoni kamba ya kufungia ng'ombe na aitazame vema: ikiwa imezungushwa upande mmoja tu, ng'ombe atauzunguka mti mara chache, na kamba itaachana kama nywele.

Neno hili lina safari nyingine pia. Mtu husokota sigara, husokota masharubu, na tumbo humsokota. Hili la mwisho si dogo. Ukifika zahanati ukasema, “Tumbo lanisokota,” mganga ajua papo hapo kuwa ni maumivu ya kukaza na kuachia, yajayo na kuondoka. Ukisema lakusuka, atabaki akikutazama.

Kupota ni ndugu wa karibu mno wa kusokota, hata kamusi hulieleza moja kwa jingine. Tofauti niionayo mimi ni kwamba kupota hakukutoka nyumbani: kulibaki na uzi na kamba, hasa ile ya kuviringishwa pajani kwa kiganja. Kutoka huko twapata upote, yaani ugwe wa upinde. Wala msilichanganye na kupotoa, ambako ni kuharibu kitu kwa kukipinda, kama apotoaye maneno ya mwenzake.

Kusuka je? Hapa yatakiwa miguu mitatu au zaidi, mmoja ukipita juu ya mwenzake, kisha chini. Hapana kuzungusha. Nywele husukwa, kikapu husukwa, na ukili husukwa. Watu wa pwani wana jambo moja la kupendeza: husuka ukili mrefu mwembamba, kisha huushona kwa kuuzungusha mpaka uwe mkeka. Kwa hiyo mkeka wa namna hiyo umesukwa na umeshonwa pia, nawe waweza kutumia maneno yote mawili bila hofu. Tena atikisaye kibuyu cha maziwa ili apate siagi, naye asuka.

Kitambaa hakisukwi, hufumwa. Nyuzi za mtande hutandikwa kwanza, na zile za mshindio hupitishwa kati yake.

Limebaki kunyonga, na hili ni letu hasa. Maana yake ya asili ni kupinda au kuzungusha kwa nguvu. Ndiyo maana kuku hunyongwa shingo, na mtu aliyehukumiwa kufa hunyongwa kwa kamba. Na miguu izungushapo pedali, twasema yanyonga baiskeli. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kupakia abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita “boda boda”, na jina hilo limeenea Afrika ya Mashariki yote, ijapokuwa siku hizi wengi wao wana pikipiki, na pikipiki hainyongwi. Wale wachache wa baiskeli bado hunyonga. Lakini kitu kinyongwacho hapana budi kitajwe, tena kitajwe sawasawa. Kijana aliyenyonga baiskeli amefanya kazi yake ya siku. Kijana aliyenyongwa, mama yake yumo msibani. Na mwanafunzi aandikaye katika insha yake kwamba mwenye boda boda “alimnyonga yule bibi kutoka Busia mpaka Tororo”, askari akiisoma ana haki ya kuuliza maiti iko wapi.