Simu ya Usiku wa Manane

Nalikuwa nimekwisha kuswali Isha, nimejinyosha barazani nangojea upepo, binti yangu alipotoka ndani na kitabu kinene akaniwekea kifuani. "Baba, soma hiki. Mimi nimelia nacho siku tatu." Nikakipima uzito kwa mkono: kurasa zaidi ya 500. Nikamwambia kuwa mimi ni mtu wa beti, na ubeti una mizani na una mwisho. Akacheka, akarudi ndani, akaniachia mzigo wangu.

Kitabu chenyewe ni The First to Die at the End. Mtungaji wake, Adam Silvera, ni Mmarekani wa mtaa wa Bronx, mjini New York, nacho kilitoka mwaka 2022. Ni riwaya iliyoandikiwa vijana. Miaka mitano kabla, yaani 2017, bwana huyu alitoa riwaya nyingine, They Both Die at the End, iliyopata wasomaji wengi mno, hususa pale vijana walipoanza kuonyeshana katika simu zao namna wanavyoililia. Hiki nilichopewa kimezaliwa nyuma, lakini kisa chake kinatangulia kile cha kwanza kwa miaka saba. Basi nimeanza na mdogo ambaye kwa kisa ndiye mkubwa. Ikiwa nimekosea njia, lawama ni ya aliyenipa.

Kuna kampuni iitwayo Death-Cast. Ikishapita saa sita ya usiku, kampuni hii humpigia simu kila ambaye siku hiyo ndiyo siku yake ya mwisho, ikampa pole, ikamwambia aitumie vyema. Haimwambii saa, wala haimwambii sababu. Wamejuaje? Katika kitabu hiki hatuambiwi, na nadhani mtungaji alifanya vyema kunyamaza.

Mambo yanaanza usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2010, usiku ambao kampuni inafungua kazi. Watu wamejaa katika uwanja wa Times Square kama wangojeao mwezi uandame. Hapo wanakutana vijana wawili. Mmoja ni Orion, yatima, ambaye wazazi wake wote wawili walikufa katika yale majengo marefu ya New York tarehe 11 Septemba 2001, naye mwenyewe ana maradhi ya moyo. Kila akilala hana hakika ya kuamka. Wa pili ni Valentino, mzima wa afya, aliyetoka Arizona na ndiyo kwanza anafika mjini kutafuta maisha. Msomaji wangu amekwisha kukisia simu inamlilia nani. Haimlilii mgonjwa.

Sina budi kusema kuwa mapenzi yaliyomo humu ni ya vijana hao wawili, wote wanaume. Dini yangu inajulikana inasemaje, na sitajifanya kuwa sikuliona. Nalikifunga kitabu nikakirudisha. Binti yangu akaniambia, "Baba, mapenzi yaache huko huko. Soma mauti." Nikakifungua tena.

Sisi tuliosoma chuoni tumehifadhi tungali wadogo ile aya ya mwisho ya Suratul Luqman, na mwalimu, bakora mkononi, akitufasiria kuwa siku ya mtu na ardhi atakayofia ni katika mambo ambayo Mola amejiwekea Mwenyewe. Kwa hivyo kampuni ya kuuza habari za ajali ya mtu, nalitarajia initie hasira. Wala haikunitia. Nalimwona mtungaji mwenyewe haiamini moja kwa moja, maana usiku ule ule wa kwanza mitambo inakosea, na wako watu wanaokufa bila kupigiwa simu yo yote. Hapo nalicheka peke yangu.

Ubora wa kitabu uko katika ule usiku wa kwanza. Katika kile cha 2017, nimeambiwa, watu wamekwisha zoea. Simu ikilia hakuna abishaye. Humu hakuna ajuaye kama jambo ni kweli au ni utapeli. Msomaji anajua, kijana hajui, na ile tofauti ndiyo inayokata roho. Walakini kina kasoro zake. Vijana hawa wanalia mno, na kila chozi linaelezwa. Kuna watu wa pembeni wengi wanaoingia na kutoka kama wageni wa arusi. Mtunzi wetu angeyasema haya yote kwa beti sitini na nafasi ikabaki.

Lakini nilipofika pale simu inapolia, nilikiweka kitabu chini nikatoka nikaenda hadi ufukweni, usiku ule ule.

Mwaka 2019 mke wangu alilazwa hospitali. Siku ya nne daktari alituita mimi na shemeji yangu ukumbini, akasema kwa sauti ya chini kuwa siku zake si nyingi. Akatuuliza kama amwambie mwenyewe. Shemeji akanitazama. Nikasema la, tusimvunje moyo. Hivyo ndivyo tulivyozoea kwetu, habari kama hiyo hupewa wanaume wa mlangoni, naye mgonjwa huambiwa atapona inshallah. Nikaingia nikamwambia atapona inshallah.

Akaniomba nimpeleke Lamu, kwa mamake. Nikamwambia, "Ukipata nafuu." Siku ya tatu akaniomba tena. Nikamjibu vile vile.

Marehemu alikuwa mshika fedha wa mchezo wa wanawake kumi na wawili wa mtaani. Hakuandika, hesabu yote na zamu zote zilikuwa kichwani mwake. Baada ya mazishi hao wanawake wakaona haya kuuliza. Walikuja hitimani, wakasaidia kupika, wakaondoka kimya. Arubaini ilipopita ndipo mmoja, mjane, alipokuja akilia, akasema zamu ilikuwa yake na ana karo ya mtoto. Tukapekua nyumba nzima. Binti yangu ndiye aliyezipata, ndani ya mto wa sufi ambao tulikuwa tumekwisha kuutoa ukumbini ili tumpe mtu. Fedha zilitimia. Lakini zamu hakuna aliyeijua, na majirani wa miaka ishirini wakagombana mbele ya mlango wangu.

Mtume ametuhimiza tusilale siku mbili bila wasia ulioandikwa ikiwa tuna cha kuusia. Hayo nayajua, na nimeyatungia hata shairi. Kumbe mimi ndiye niliyemnyima mwenzangu nafasi ya kusema, "Zile fedha zimo mtoni, na zamu ni ya fulani."

Mwana Kupona wa Siyu hakuficha wala hakufichwa. Mwaka 1858, hali mgonjwa na mumewe Bwana Mataka amekwisha kufa, alimwita bintiye Mwana Hashima aje na karatasi na wino. Tunausifu utendi ule kwa adabu na lugha yake. Mimi siku hizi nikiusoma nawaza jambo jingine, kwamba watu wa nyumba ile walimwacha mgonjwa wao ajue hali yake, wakampa faragha ya kuandika.

Riwaya ya Silvera inauliza kama mtu angependa kujua siku yake. Mimi ilinigusa pengine. Simu ililia kwa mke wangu, nikaipokea mimi, nikaikata.

Nalikimaliza kitabu baada ya wiki mbili. Mwisho wake una jambo la moyo ambalo sitalitoboa hapa. Binti yangu alipokuja kukichukua akauliza kama nimelia. Nikamwambia kaa. Nikamweleza ya ukumbini, ambayo tangu 2019 hakupata kuyasikia kwangu wala kwa mjomba wake.

Akauliza daktari alituita siku gani. Nikamwambia ilikuwa Jumanne. Akahesabu kwa vidole.

"Siku tisa," akasema.

Kisha akauliza kama mamake alitaka kwenda Lamu.

"Aliniomba mara mbili," nikamwambia.

Akakichukua kitabu chake, akakaa nacho mapajani muda mrefu bila kukifungua.