Kigeu Kisichogeuka

Katika JavaScript, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, mwanafunzi huanza na kigeu, yaani jina linalobeba thamani. Mwalimu wa Kiabakari aweza kutoa zoezi la basi liendalo Musoma: idadi ya abiria hugeuka katika kila kituo. Lakini tangu 2015 lugha hiyo ina neno const. Jina lililotangazwa kwalo halipewi tena thamani nyingine. Kuliita kidumu ni rahisi, nako kwapotosha. Orodha ya abiria iliyotangazwa hivyo bado huongezwa majina, ila orodha nyingine haiwezi kushika nafasi yake. Kinachodumu ni fungamano la jina na orodha, si vilivyomo. Twapendekeza jina funge, ijapokuwa masikioni bado ni geni.