Sifongo wa Baharini na Dawa za Saratani



Wengi wetu tunalijua jina la sifongo kutoka katika habari ya mateso ya Bwana, pale iliploweshwa siki na kuinuliwa hadi midomoni mwake. Wengine hudhani ni mmea. Kumbe sifongo ni mnyama wa majini, asiye na kichwa, moyo wala miguu. Akishashika mwamba hukaa hapo hapo, akichuja maji ili apate chakula. Kwa kuwa hawezi kumkimbia adui, sifongo wengi hujilinda kwa kemikali kali zilizomo mwilini mwao. Kemikali hizo ndizo zilizowavutia wataalamu wa saratani.

Saratani huanzaje?

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Kwa kawaida seli hugawanyika kwa utaratibu: iliyochakaa hufa na mpya hushika nafasi yake. Katika saratani, seli huacha utaratibu huo na kuendelea kugawanyika bila kikomo. Dawa nyingi hulenga kuuzuia mgawanyiko huo. Sifongo wametupa njia mbili.

Njia ya kwanza: kuidanganya seli

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alichunguza sifongo kutoka Florida, Marekani, akakuta ndani yake vitu vinavyofanana sana na vile vinavyojenga vinasaba. Ugunduzi huo uliwafungulia wenzake njia ya kutengeneza sitarabini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Seli inaponakili vinasaba vyake, huipokea sitarabini kana kwamba ni kitu chake cha kawaida. Ni kama fundi aliyepewa tofali ambalo tofali jingine haliwezi kukaa juu yake: ujenzi husimama, na seli hufa. Hadi leo dawa hii hutibu aina kadhaa za saratani ya damu.

Njia ya pili: kuzuia nyuzi

Mwaka 1986, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura wa Japani walitangaza kemikali iitwayo halikondrini B. Kilo 600 za sifongo ziliwapatia miligramu 12.5 tu, pungufu ya uzito wa punje moja ya mchele! Kutegemea kuvuna sifongo kungeimaliza bahari. Mwaka 1992, Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walifaulu kuitengeneza maabara. Kutokana na kazi hiyo kampuni ya Eisai ilipata eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa.

Seli inapogawanyika, nyuzi ndogo ndani yake huvuta vinasaba kwenda pande mbili. Eribulini hukaa kwenye ncha za nyuzi hizo na kuzizuia zisirefuke.

Tuseme ukweli

Katika jaribio la wanawake 762 waliokuwa wamekwisha kupata tiba kadhaa, nusu ya waliopewa eribulini waliishi zaidi ya miezi 13.1, kwa waliopewa tiba nyingine ilikuwa miezi 10.6. Kwa mama mwenye watoto, miezi miwili na nusu si kitu kidogo. Lakini si uponyaji. Tena dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu, na eribulini huweza kuleta ganzi mikononi na miguuni. Hutolewa hospitalini chini ya uangalizi wa daktari.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, waelezeni waumini kwamba unga au maji ya sifongo si dawa, na huweza kudhuru. Hata sifongo wanaofugwa na akina mama wa Jambiani, Unguja, ni wa kuogea tu.

Pili, mama akiona uvimbe kwenye titi, hata kama hauumi, asisubiri. Apelekwe kituo cha afya mapema, maana tiba hufaa zaidi ugonjwa ukiwa bado haujasambaa.

Tatu, kamati na wafadhili wetu wakumbuke nauli. Dawa nzuri iliyoko mjini haimsaidii mgonjwa aliyekwama kijijini kwa kukosa pesa ya basi.