Hina nyeusi yaweza kukuachia kovu na mzio wa maisha

Bibi harusi aliletwa kwangu siku ya tisa baada ya kupakwa hina, mikono yote miwili ameificha chini ya garbasaar. Shangazi yake ndiye aliyezungumza, kama ilivyo desturi.

"Daktari, huyu ameumwa na mdudu."

Nilimwomba binti afunue mikono. Kutoka vidoleni hadi karibu na viwiko palikuwa na maua, majani na mizabibu, vyote vimevimba na kuinuka juu ya ngozi kana kwamba vimechongwa. Juu ya kila mstari palikuwa na malengelenge madogo yanayotoa maji. Katikati ya mistari ngozi ilikuwa nzima kabisa. Sijapata kumwona mdudu anayeuma kwa kufuata maua.

"Mlichanganya nini, eddo?" nikamuuliza shangazi.

"Hina tu, daktari. Na ile piko kidogo, ili iwe nyeusi."

Hiyo "kidogo" ndiyo mada yetu juma hili, mpenzi msomaji. Mimi si katika wale madaktari wanaodharau urembo wa nyumbani. Ukitembea soko la Suuq Mugdi mjini Garissa utakuta duka zima la vipodozi ndani ya magunia: majani yaliyosagwa, manjano, ubani, udi. Kina mama wa Kisomali kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera wamejirembesha kwa vitu hivyo tangu zamani, na vingi havina neno.

Chukua qasil, ule unga wa kijani wa kuoshea uso na nywele. Hutokana na majani ya mti uitwao gob, ndugu wa mkunazi wetu. Majani hayo yana kemikali ya asili inayotoa povu ikikutana na maji, hivyo qasil ni sabuni iliyoota mtini. Ikiingia machoni huwasha, na anayeosha nayo mara nyingi mno ngozi yake hukauka, lakini basi. Huruud, yaani manjano, huacha rangi usoni na kwenye mto wa kulalia, na kwa wengi haina madhara mengine. Wale wazee wenye ndevu za rangi ya chungwa wanaoketi nje ya misikiti alasiri, nao wamepaka hina halisi, na ni nadra sana mmoja wao kunijia kwa sababu ya ndevu.

Hina halisi, ambayo Wasomali huiita cillaan, ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Unga wake ni wa kijani na una harufu ya majani makavu. Ndani yake mna rangi ya asili iitwayo losoni, ambayo hushikamana na tabaka la juu la ngozi, lile ambalo tayari limekufa na litabanduka lenyewe. Ndiyo maana hina hudumu wiki moja hadi tatu kisha hufifia. Ndiyo maana pia viganja na nyayo, penye ngozi nene, hukolea kuliko mgongo wa mkono. Na kwa kuwa hina huingia ndani ya ukucha badala ya kuufunika, mwanamke Mwislamu hana haja ya kuibandua kabla ya kutawadha, tofauti na rangi ya kucha ya dukani.

Lakini losoni ina mipaka yake. Rangi yake ni chungwa siku ya kwanza, kisha hudhurungi, na ikikolea sana hufanana na kahawa. Haiwi nyeusi kama wino. Mtu akikuonyesha hina nyeusi tititi iliyokolea kwa saa moja, jua kwamba kilichofanya kazi hiyo si mhina.

Mara nyingi ni rangi ya nywele. Ile piko inayouzwa kwa bei ndogo katika vipakiti na vichupa humwagwa ndani ya kikombe, ikachanganywa na hina au na maji matupu, kisha ikachorwa mkononi. Kemikali iliyomo inaitwa parafenilenidiamini, ambayo kwa ufupi huandikwa PPD. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nywele, nazo nywele hazina uhai wala hisia. Nyingi ya pakiti hizo zimeandikwa waziwazi kwamba zisipakwe kwenye ngozi, nyusi wala kope, na kwamba mpakaji avae glavu. Maandishi yenyewe ni madogo, na aghalabu pakiti huwa imeshatupwa kabla mtu hajavaa miwani.

Msomaji atauliza: mbona watu hupaka rangi hiyo kichwani na hawadhuriki? Wako wanaodhurika, tena wengi tu. Tofauti ni kwamba rangi ya nywele ikipakwa inavyotakiwa huchanganywa na dawa ya kuikomaza, ambayo huimaliza PPD kwa kuigeuza kuwa rangi, kisha baada ya muda mfupi huoshwa. Fundi wa hina hana shughuli na vipimo. Huikoroga nzito, mara nyingine bila dawa ya kuikomaza, na kuiacha kwenye ngozi hadi ikauke. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele iliyo tayari kupakwa hairuhusiwi kuzidi asilimia 2 ya PPD. Hina nyeusi iliyopimwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kuna iliyokutwa na karibu asilimia 30.

Sasa tuingie chini ya ngozi. Chembe ya PPD ni ndogo mno, hivyo hupenya kwa urahisi na kushikamana na protini za mwili. Askari wa kinga ya mwili wakiiona protini hiyo iliyobadilika huidhania adui. Mara ya kwanza huhitaji wiki moja au mbili kujifunza kumtambua adui huyo na kujipanga. Ndiyo maana bibi harusi wetu alicheza harusi yake salama, akapigwa picha, akakaa wiki nzima bila hata mwasho, na ndipo mistari ikaanza kuvimba. Ndiyo maana pia familia nyingi hazihusishi mambo haya mawili. Wanasema ni mdudu, ni maji ya mto Tana, ni husuda.

Mara ya pili askari hawahitaji wiki. Huja baada ya siku moja hadi tatu, na huja kwa hasira zaidi. Tena hawasahau. Binti aliyepata mzio huu akiwa na miaka 20 huenda, akifika 50 na kutaka kuficha mvi, akapaka rangi ya kawaida ya nywele na kuamka na uso uliovimba hadi macho hayafunguki. Wengine mzio huo huwafuata hadi kwenye nguo zenye rangi nzito, kwenye mpira mweusi, na hata kwenye baadhi ya dawa za kutia ganzi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kovu. Kovu wengi hulikubali, lakini huyu atabeba kitu asichokiona.

Kovu lenyewe si dogo. Malengelenge yakipona, aghalabu hubaki mchoro uleule kwa rangi nyeupe kuliko ngozi au nyeusi kuliko ngozi, kwa miezi, na kwa wengine moja kwa moja. Wenye ngozi iliyo tayari kufanya makovu makubwa huweza kubaki na maua yaliyoinuka.

Haya si mageni duniani. Huko Marekani mwaka 1933 ilitoka rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hii hii. Wanawake kadhaa waliharibika macho, wengine wakapofuka, na angalau mmoja alifariki. Kisa hicho kilichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyoipa serikali yao nguvu juu ya vipodozi. Karibu na kwetu, madaktari wa Sudan wameandika tangu miaka ya 1980 kuhusu wagonjwa waliodhurika na PPD tupu, ambayo huko kina mama huichanganya na hina. Wengi wa waliozidiwa walikuwa wameimeza, lakini wako waliopakwa tu. Shingo na ulimi huvimba hadi pumzi kuziba, mkojo huwa mweusi, na figo husimama. Kwa hiyo kipakiti hicho kisiwekwe kabatini pamoja na sukari na majani ya chai, watoto wakakifikia.

Siwalaumu mabibi harusi. Hina halisi inataka usiku mzima wa kukaa bila kushika kitu, na katika joto la Garissa hilo ni adhabu. Nyeusi inakolea upesi, inaonekana vizuri kwenye picha, na fundi anaweza kuhudumia wageni kumi kwa alasiri moja. Naelewa biashara hiyo.

Nisichokielewa ni petroli. Wako wanaotia petroli au mafuta ya taa ndani ya hina ili ikolee. Mafuta hayo huchubua ngozi, na mvuke wake huleta kizunguzungu. Kisha bibi harusi huyo huyo anasogezewa dabqaad, yaani chetezo chenye makaa ya moto, afukizwe uunsi. Petroli mkononi na makaa chini ya nguo nyepesi ya diric! Sihitaji kuwa daktari kueleza yatakayotokea.

Nitaje pia watoto wachanga. Hapa hata hina safi isiyochanganywa na kitu ina hatari. Katika sehemu zenye malaria tangu kale, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda seli nyekundu za damu. Wengi wao, hasa wavulana, hawajui kwamba wanao. Losoni ikipenya ngozi laini ya mtoto kama huyo, seli zake za damu huweza kupasuka kwa wingi. Mtoto hulegea, macho huwa manjano, mkojo hubadilika kuwa kama chai ya rangi. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Ushauri wangu ni mfupi: mtoto mchanga asipakwe hina kabisa. Wala asipakwe wanja wa jiwe, ule uitwao kuul, kwa kuwa aina zake nyingi ni madini ya risasi, na mtoto hujipangusa macho kisha hulamba vidole.

Ya jikoni mengine nitayapitia haraka. Maji ya limau usoni kisha kutoka juani huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi, kinyume kabisa cha weupe uliokuwa ukitafutwa. Magadi na sabuni ya unga huondoa kinga ya asili ya ngozi, ambayo ina uchachu kidogo. Dawa ya meno si dawa ya kidonda.

Je, atakaye hina iliyokolea afanyeje? Anunue unga wa kijani ulio mpya, auchekeche, aukoroge kwa maji ya limau na sukari kidogo au chai nzito, na auache saa kadhaa kabla ya kupaka. Limau humo ndani ya hina halina ubaya kwa mtu mwenye ngozi nzima, bora asikae juani akiwa nayo. Ikae mkononi saa sita hadi nane, apate joto, na ikibanduka asiguse maji hadi kesho yake. Itatoka rangi ya chungwa, asife moyo. Rangi hukolea kwa siku mbili. Kwa hiyo apakwe siku mbili kabla ya nikaha, si usiku wa kuamkia. Kuhusu piko, kuna wanaoshauri ujipake tone moja kwanza kuona kama itakudhuru. Usifanye hivyo. Tone hilo laweza kuwa ndilo linalowafundisha askari wako.

Aliyekwisha kupakwa na kuanza kuwashwa aoshe kwa maji mengi na sabuni laini, aweke kitambaa cha maji baridi, na asipasue malengelenge. Asipake qasil, asali wala dawa ya meno juu yake. Aende kituo cha afya, ambako pengine atapewa krimu ya steroidi kwa siku chache, na dawa ya viini ikiwa pana usaha. Krimu hiyo asijinunulie mwenyewe, maana ndiyo hiyo hiyo inayouzwa kichinichini kwa kuchubua uso, nayo ikitumiwa ovyo hula ngozi. Uvimbe ukifika usoni au kooni, au pumzi ikawa nzito, asingoje asubuhi.

Na aende na pakiti. Shangazi wa bibi harusi wetu alirudi nyumbani akaitafuta jalalani, akaniletea imekunjwa ndani ya leso. Niliandika jina la kemikali kwenye kadi ya binti kwa herufi kubwa, nikamwambia amwonyeshe kila daktari, kila mkunga, kila msusi na kila daktari wa meno atakayekutana naye. Mikono yake ilikauka baada ya wiki tatu. Maua bado yapo, meupe, na shangazi ameniuliza mara mbili kama hakuna kitu cha kuyapaka ili yafiche.